Ukuta Unaotoka Jasho



Wengi wetu tunaishi katika nyumba ambazo hazijaisha. Tulipandisha kuta, tukaezeka mabati, tukahamia, tukasema yaliyobaki tutayamaliza polepole. Karo ya shule ikaingia, ugonjwa ukaingia, na polepole hiyo ikawa miaka kumi. Siku moja baba wa nyumba anautazama ukuta usio na plasta, anahesabu pesa alizo nazo, anahesabu pesa anazotaka fundi, kisha anasema moyoni, "Kwani fundi ana mikono mitatu? Nitafanya mwenyewe."

Leo katika ukurasa wetu nataka tuzungumze juu ya mtu huyo. Sitaki tumcheke, kwa maana mtu huyo ni mimi. Swali letu ni hili: mtu anapowaambia watu wa nyumba yake, "Kazi hii naijua," na kumbe haijui, je, ametenda dhambi? Au huo ni udhaifu mdogo tu ambao wake zetu wameuzoea?

CHUMBA CHA CHINI

Sisi tunakaa Taita, kwenye mteremko. Wanaoishi milimani, iwe Kisii, Murang'a au huku kwetu, wanajua nyumba za mteremkoni zinavyojengwa. Upande wa mbele ardhi inashuka, kwa hiyo msingi unakuwa mrefu, na chini ya sebule panabaki nafasi ambayo mtu anaweza kuigeuza chumba. Chumba hicho kina mlango wake upande wa bondeni, lakini ukuta wake wa nyuma umeegemea udongo wa mlima. Kwetu nafasi hiyo ilikuwa ghala la mahindi na majembe, na mahali pa kuku wanaoatamia.

Katikati ya 2023 mama mzazi wa mke wangu alianza kudhoofika, tukakubaliana aje akae nasi. Mnajua kwamba mtu na mama mkwe wake hawakai wakigongana mlangoni kila asubuhi, maana heshima ina mipaka yake. Chumba cha chini chenye mlango wake kilikuwa jibu zuri. Kilihitaji plasta, sakafu, dirisha na rangi. Fundi alitaja bei ya kazi, nikaona ni kubwa. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya mjengo kwa wiki mbili, kazi ya mtu wa mkono: kubeba mawe, kuchanganya simiti, kumpa fundi karai. Nilimwona fundi akirusha plasta ukutani kwa mwiko na kuinyoosha kwa ubao. Nikadhani kuona ni kujua.

Sitaki kusema kwamba nilifanya vibaya kila kitu. Mchanga niliuchekecha. Nilichanganya debe moja la simiti kwa madebe manne ya mchanga. Plasta niliilowesha kila siku kwa wiki nzima isipasuke, na maji ya kuilowesha aliyabeba mke wangu kutoka chemchemi. Kosa halikuwa katika plasta, lilikuwa nyuma yake.

Kabla sijaanza kazi, mke wangu alipitisha kiganja chake kwenye ule ukuta wa nyuma, akasema, "Baba watoto, ukuta huu unatoka jasho. Na hapa pana unga mweupe kama chumvi. Umemwuliza fundi?"

Nikamjibu, "Nimemwuliza. Amesema plasta itazuia."

Wapendwa, sikuwa nimemwuliza. Nilikuwa nimeonana na fundi Jumapili baada ya Misa, hatua chache kutoka mlango wa kanisa. Tulisalimiana, nikamwuliza habari za ng'ombe wake. Habari za ukuta zilinijia mdomoni, nikazimeza. Kigangoni kwetu mimi huitwa Mwalimu. Nafundisha wakatekumeni, naongoza mazishi Padre asipofika, na wana jumuiya wakigombana huniita niwasikilize. Fundi huyo nilimfundisha mimi alipokuwa akijiandaa kwa Kipaimara. Niliona aibu Mwalimu kumwambia mwanafunzi wake kwamba hajui kwa nini ukuta unatoa maji.

Basi nikapiga plasta, nikapaka rangi ya mafuta, kijani chini na nyeupe juu. Mwezi wa Septemba chumba kilipendeza. Mama akaingia, akatubariki.

USIKU WA MVUA

Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilileta mafuriko katika sehemu nyingi za Kenya. Huku kwetu mlima ulikunywa maji hadi ukashiba. Rangi yangu ikaanza kufura kama malengelenge, na plasta ukiigonga kwa kidole ilitoa sauti ya kitu kitupu. Chumba kikanuka uvundo, mama akaanza kukohoa. Mke wangu alipouliza, nilimwambia ni unyevu wa plasta mpya tu. Plasta hiyo mpya ilikuwa na miezi miwili.

Jioni moja ya Novemba baridi ilikuwa kali. Nikawasha jiko la makaa, nikalitia chumbani kwa mama, nikafunga dirisha joto lisitoke. Nikamwambia, "Mama, liache liwake. Ukuta utakauka, nawe utapata joto." Akanishukuru. Mke wangu akaniuliza kama jambo hilo ni salama. Nikamjibu neno moja: "Najua."

Saa tano usiku mke wangu aliamka. Alishuka na tochi, akamkuta mama ameketi sakafuni karibu na kitanda. Kichwa kilikuwa kinamwuma vibaya, alikuwa ametapika, na maneno yalimtoka kama ya mtu aliyelewa. Mke wangu akafungua mlango na dirisha, akapiga kelele, tukambeba mama hadi barazani. Usiku huo huo jirani alitusaidia kwa gari, tukampeleka hospitali. Huko tulielezwa kwamba makaa yanapowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo huchukua nafasi ya hewa njema katika damu. Katika chumba kilichofungwa mtu hulala asiamke. Ndugu msomaji, kama nawe una desturi ya kulala na jiko la makaa ndani, acha leo, usingoje kumaliza kusoma ukurasa huu.

Mama alipona, na Mungu ashukuriwe. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuyaandika haya ili yawafae wengine.

Siku iliyofuata nilimwuliza mke wangu ni nini kilichomwamsha, kama ni ndoto au ni malaika wake. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Si malaika. Sikukuamini uliposema unajua."

Maneno hayo yamekaa nami tangu siku hiyo. Katika semina za ndoa nimefundisha mara nyingi kwamba nyumba husimama juu ya kuaminiana. Lakini nyumbani kwangu, usiku ule, uhai wa mtu uliokolewa na kutoaminiana. Kama mke wangu angeliniamini kama mke anavyopaswa kumwamini mumewe, tungalizika. Mimi ndiye niliyemfikisha mahali ambapo kumshuku mumewe ndiko kulikokuwa busara.

KUTOJUA NA KUJIFANYA UNAJUA

Sasa turudi kwenye swali letu. Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

Kutojua si dhambi. Hakuna aliyezaliwa anajua maji yanavyopita katika ukuta. Lakini Kanisa halituachi tujifiche nyuma ya kutojua kwa kila hali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa 1992, inafundisha katika kifungu cha 1791 kwamba mtu asiyejishughulisha kuutafuta ukweli huweza kuwajibika kwa mabaya anayotenda kwa kutojua. Walimu wa maadili tangu zamani wamegawa kutojua sehemu mbili: kuna kutojua ambako mtu hana njia ya kukuondoa, na kuna kutojua ambako angeweza kukuondoa kama angetaka. Kwangu kulikuwa kwa aina ya pili. Fundi alisimama mbele yangu akiniambia habari za ng'ombe. Swali moja lingenitosha.

Mtu atasema, "Lakini Mwalimu, nia yako ilikuwa njema." Ni kweli. Nilitaka kumtunza mama mkwe na kuokoa pesa za karo. Hata hivyo nilipojichunguza niliona kwamba moyoni mwangu nia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilitaka mama apate chumba. Ya pili ilitaka mimi nionekane mwanamume anayeweza. Zilitembea pamoja siku zote bila kugombana, hata mke wangu alipouliza, "Umemwuliza fundi?" Nia ya kwanza ingejibu bila shida, "Bado, nitamwuliza kesho," kwa kuwa haikuwa na cha kupoteza. Iliyojibu ni ile ya pili. Ukitaka kujua ni nia gani inayotawala kazi yako, sikiliza ni ipi inayojibu unapoulizwa.

Mwingine atasema, "Ni uongo mdogo." Amri ya Nane inakataza uongo wote, lakini uzito wa uongo hautegemei wingi wa maneno. Mvuvi akisema alivua samaki mrefu kama mlango, amesema uongo, lakini hakuna mtu atakayelala juu ya samaki huyo. Neno langu, "Nimemwuliza fundi," lilikuwa neno ambalo mtu mwingine alilala juu yake, akafunga mlango, akafumba macho. Hapo uongo wangu ulitoka katika Amri ya Nane ukaingia katika Amri ya Tano, ile inayotuagiza tulinde uhai.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ndiyo, ni dhambi, nayo huwa nzito kadiri ya hatari ambayo wengine wanabebeshwa bila kuambiwa. Kosa la kutojua linaweza kusamehewa haraka, hata na watu. Kosa la kujifanya unajua hubebwa na nyumba nzima, na walio ndani ya nyumba hawajui kwamba wamelibeba.

"TUNGEKUWA WAWILI"

Baada ya kutoka hospitali mke wangu alikaa siku tatu akizungumza nami yale tu ya lazima: chakula tayari, mbuzi amekatika kamba. Siku ya nne nilimwambia kweli yote, kwamba sikuwa nimemwuliza fundi. Hakushangaa. Alisema, "Ungeniambia hujui, tungekuwa wawili tusiojua. Tungekwenda kuuliza pamoja."

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya ndoa, lakini sijapata mafundisho yanayozidi hayo. Tulipofunga ndoa Padre hakutuuliza kama tunajua kupiga plasta. Alituuliza kama tumekuja kwa hiari yetu na kama tuko tayari kupendana na kuheshimiana maisha yote. Sakramenti haikumfanya mume kuwa mjuzi wa mambo yote, wala mke. Ilitufanya wawili kuwa kitu kimoja, na kama ni kitu kimoja, basi hata kutojua kwetu ni mali ya wote wawili. Anayekuficha kutojua kwake amekuacha peke yako gizani, nawe unafikiri umeshikwa mkono.

Tena nilimnyima mke wangu haki ya kuogopa mapema. Hofu yake ingetuokoa tangu Septemba. Mimi niliinyamazisha kwa neno la uongo, ikabidi ifanye kazi saa tano usiku.

Wanaume wengine husema, "Ujenzi ni shauri la baba." Ndugu zangu, hata sheria ya Kenya ya mwaka 2013 juu ya mali ya mume na mke inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na hata kukaa pamoja kama mwenzi kuwa mchango, si pesa peke yake. Maji yote yaliyolowesha plasta yangu yalipanda mlima kichwani mwa mke wangu. Ukuta ulikuwa wake kama ulivyokuwa wangu. Aliye na sehemu katika ukuta ana sehemu pia katika ukweli juu ya ukuta huo.

JE, TUWAACHIE MAFUNDI KILA KITU?

Sisemi hivyo. Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi wa 1981, alifundisha kwamba mtu anapofanya kazi, kazi nayo inamjenga mtu. Baba anayemtengenezea mtoto kitanda kilichopinda kidogo amempa zawadi ambayo duka haliwezi kuiuza. Tena wengi wetu hatuna pesa za fundi, na umaskini si kosa. Kufanya mwenyewe ni jambo jema. Lakini kabla ya kushika mwiko, mume na mke wakae pamoja wajiulize maswali matatu.

La kwanza: nikikosea, ataumia nani? Kama ni mimi peke yangu na mfuko wangu, nijaribu. Kama ni mtoto, mgeni au mzee atakayelala humo, niulize kwanza.

La pili: kosa langu litaonekana au litajificha? Rangi iliyopakwa vibaya hujitangaza yenyewe kila asubuhi. Lakini waya wa umeme uliounganishwa vibaya ndani ya ukuta hukaa kimya, hata siku ile unapoamua kusema. Kazi ambayo kosa lake hujificha, kama umeme, mpe aliyesomea na mwenye leseni, hata kama itabidi mngoje mwaka mmoja mkitumia taa ya kawaida.

La tatu: kosa likitokea, linaweza kutenguliwa? Rafu ikipinda unaing'oa. Nguzo inayobeba nyumba au shimo la choo likibomoka na mtu ndani yake, hapana nafasi ya pili.

Ningejiuliza maswali hayo matatu, ukuta wangu ungeshindwa swali la kwanza na la pili, na jiko langu lingeshindwa yote.

Hatimaye nilimwita fundi. Nilitaka kumwonyesha plasta iliyofura, lakini hakuitazama sana. Alizunguka nyumba akapanda mlimani, akasimama nyuma ya ukuta na kutazama juu. Maji yote ya bati la nyuma yalikuwa yanaanguka pale pale, kwa kuwa sikuwa nimeweka gata, na maji ya mlima hayakuwa na mtaro wa kuyapeleka kando. Udongo ulikuwa umeyakusanya yote na kuyasukuma ukutani kwangu. Akaniambia, "Mwalimu, maji hayafukuzwi kwa moto. Yanaonyeshwa njia."

Tukaweka gata. Tukachimba mtaro juu ya nyumba. Kisha yeye na vijana wake wakachimba nyuma ya ukuta, kipande baada ya kipande, wakaupaka lami kwa nje, wakalaza chini bomba lenye matundu ya kuyatoa maji kando ya nyumba, wakajaza kokoto. Ndani tulibomoa plasta yangu yote, tukauacha ukuta ukauke kwa wiki nyingi, na tukatoboa matundu ya hewa karibu na dari na karibu na sakafu. Alinifundisha pia kipimo kisichogharimu chochote: bandika kipande cha karatasi ya nailoni ukutani, ukizibe pande zote kwa gundi, ukiache siku mbili. Ukikuta matone nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Ukiyakuta mbele, ni unyevu wa hewa ya chumbani. Yote hayo yalikuwa kichwani mwake siku ile nilipomwuliza habari za ng'ombe.

Nilingoja anicheke, hakucheka. Alisema, "Hata mimi niliyajua haya kwa kuharibu nyumba ya mtu. Nilirudi nikaifanya upya bila malipo." Hapo nikatambua kwamba aibu niliyoiogopa miezi yote ile ilikuwa kichwani mwangu tu.

NENO KWA MWENZI ANAYESIKILIZA

Kosa ni langu na silihamishi kwa mtu. Lakini mke wangu mwenyewe amenitaka niongeze jambo moja. Miaka kadhaa nyuma nilitengeneza mlango wa banda la kuku, ukawa hauwezi kufungwa. Wageni walipokuja aliwasimulia, wakacheka sana, nami nikacheka nao. Anasema sasa anajua kwamba siku ile nilijifunza kitu kibaya: kwamba kukosea nyumbani kwangu ni hadithi ya wageni. Ndugu msomaji, mwenzi wako akikwambia "sijui," au "nimeharibu," amekukabidhi kitu chepesi kuvunjika. Kipokee kwa mikono miwili. Ukikicheka mbele za watu, mara ya pili hatakupa.

Nanyi akina mama msidhani ukuta unaotoka jasho ni wa wanaume tu. Mama anayempa mtoto dawa iliyobaki ya mtoto wa jirani na kusema, "Hii naijua," amepaka rangi juu ya maji kama mimi. Vivyo hivyo anayekopa katika chama bila kuelewa riba, akamwambia mumewe kila kitu ki sawa. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakutaja kama mfichaji ni mume au mke.

Nilikwenda kwenye Kitubio. Padre alinipa malipizi ambayo sikuyapenda: nimwendee mama mkwe, nimwambie kwamba nilimlaza katika chumba ambacho sikukijua, na kwamba nilisema uongo juu yake. Nilikaa kwenye kigoda nje ya mlango wake, nikasema yote nikitazama chini. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, marehemu mume wangu aliishi nami miaka arobaini, na hata siku moja hakuniambia kwamba kuna kitu asichokijua. Nilimpenda. Lakini nilikuwa mpweke."

Katika waraka wake juu ya upendo katika familia, Amoris Laetitia, wa 2016, hayati Papa Fransisko alitukumbusha maneno matatu yasiyopaswa kukosekana nyumbani: naomba, asante, samahani. Kwa unyenyekevu wa katekista wa kijijini naongeza la nne: sijui. Ni neno dogo, lakini lingekuwepo nyumbani kwangu mwezi wa Septemba, lile la samahani nisingelihitaji kwa uzito ule mwezi wa Novemba.

Mama bado anakaa chumba cha chini, na ukuta wake ni mkavu. Juzi kipande cha gata kilining'inia kwa upepo. Nilikitazama, nikamwita mke wangu, nikamwambia, "Mama watoto, sijui hiki kinafungwaje." Naye akakitazama, akasema, "Hata mimi sijui." Tukaenda pamoja kwa fundi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Je, kuna kazi au jambo nyumbani kwetu ambalo mmoja wetu amesema "najua" ili tu asiulizwe tena?

2. Mara ya mwisho mwenzi wangu aliponiambia amekosea, nilimpokeaje? Nilimsimulia nani?

3. Usiku wa leo, ni nani analala juu ya neno langu? Neno hilo ni la kweli?